Friji ya Mama Mkwe

Nimetengeneza friji nyingi kuliko nywele za kichwa changu, na siku hizo ninazozisimulia nilikuwa na nywele za kutosha. Friji za bucha, friji za baa, friji za hoteli ambazo ukifungua mlango harufu inatoka kwanza kukusalimia. Ukitembea Kitale kutoka Kibomet hadi sokoni ukapata soda baridi, jua mkono wangu ulipita hapo. Lakini friji inayonifanya nikae wima kitini mpaka leo haikuwa Kitale. Ilikuwa ndani ya gari, gari lilikuwa ndani ya boma huko Kabuchai, upande wa Bungoma, na mwenye gari alikuwa mama mkwe wangu, mtu ambaye kwa mila ya kwao sikuruhusiwa kumkaribia.

Nianze na gari. Baba mkwe alikuwa dereva wa mzungu mmoja mpima barabara, na huyo mzungu hakupenda kulala hotelini. Alikuwa na gari-nyumba: mbele usukani, nyuma kitanda, sinki, jiko la gesi na friji inayofika kifuani kwa mtu mzima. Walizunguka nalo nchi nzima. Injini ilipokufa kabisa na mzungu naye akawa anarudi kwao, alimwachia dereva wake funguo na shukrani. Trekta la miwa likalivuta hadi Kabuchai, likaegeshwa nyuma ya nyumba, karibu na ghala la mahindi. Baba mkwe alikuwa na mpango wa kulala humo kama bosi. Mama mkwe alipanda ngazi, akaangalia sinki, akaangalia jiko, akashuka akasema, "Hii ni jikoni yangu." Mpango wa mzee ukaishia hapo.

Miaka hiyo stima ilikuwa haijafika upande ule. Nguzo zilikomea sokoni zikageuka. Kwa hiyo friji ya mama, inayotumia gesi ya mtungi, ilikuwa friji ya pekee kutoka pale hadi mpaka wa Uganda, na kama ilikuwepo nyingine basi ilikuwa imefichwa. Wahubiri walikuja kwa maji baridi. Ninajua mkutano mmoja wa injili uliongezwa siku kwa sababu hiyo tu, ingawa kanisani walisema ni Roho.

Sasa mila. Mimi ni wa jamii zilizotoka Mlima Kenya zikaja kulima Trans-Nzoia. Kwetu, mama mkwe unamsalimia kwa mikono miwili, unaingia jikoni kwake, unakula hadi unafungua mshipi. Nilipooa Bungoma, kwa Wabukusu, nilifundishwa upya. Hapo mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakai nyumba moja. Mkwe haingii mama mkwe anapopika wala anapolala. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Si ugomvi, ni heshima, na heshima yenyewe ni kubwa mpaka inahitaji mashamba mawili katikati. Ziara yangu ya kwanza nilichepuka mara nyingi hivi kwamba nilikaa ndani ya mahindi kuliko wapalizi. Habari zetu zote zilipitia kwa mke wangu. Mama akisema, mke wangu ananiambia. Nikijibu, mke wangu anarudisha. Hata kama tumesikiana vizuri, lazima maneno yazunguke.

Basi ilikuwa msimu wa baridi, ule wa Julai ambapo ukungu wa Elgon unashuka hadi kwenye sahani yako, baba mkwe akanipigia simu nikiwa kazini Kitale.

"Mkwe," akasema, "hii fliji imekataa."

"Imekataa vipi, baba?"

"Inawaka, lakini baridi hakuna. Maziwa yanalala mazima, yanaamka mgando."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaniambia kwa nini. Kideri kilikuwa kimeingia ng'ambo ya mto, ule ugonjwa unaofagia kuku wa boma zima kati ya Jumapili na Jumapili. Akina mama wa chama walikuwa wameagiza chanjo Bungoma mjini, na chanjo ile ikipata joto inageuka maji ya kawaida. Swali likawa itawekwa wapi usiku wa Ijumaa, maana duka la dawa halifunguliwi Jumamosi na kuku wanachanjwa Jumamosi asubuhi kabla hawajatawanyika. Mama mkwe akasimama mbele ya kikundi chote akasema, "Leteni kwangu." Sasa ni Jumatatu, na friji inagandisha maziwa kwa njia isiyofaa.

Nisiwafiche uzito wa jambo hili. Kuku huko si kuku tu. Mgeni wa maana akija bila kuchinjiwa kuku, hajaja. Mama mkwe alikuwa na kuku wengi kiasi kwamba alfajiri majogoo wakianza kuwika ulidhani ni kiwanda cha sukari kimefungua kazi. Na sasa chakula hicho chote, heshima hiyo yote, pamoja na kuku wa majirani waliomwamini, vilikuwa vinategemea sanduku moja lenye joto.

"Mmeita fundi?" nikauliza.

"Alikuja mmoja wa sokoni. Amesema gesi ya kwa mifereji imeisha. Yuko hapa na msumeno, anataka kukata ajaze ingine."

Nilipiga kelele hadi bosi wangu akatoka nje na kikombe cha chai mkononi. "Baba, mfukuze! Usimfukuze vibaya, mpe chai, lakini mnyang'anye msumeno!"

Hapa ndipo masomo yangu ya jioni yalipoinuka yakajinyoosha. Mchana nilikuwa mfanyakazi wa karakana, lakini jioni kwa miaka nilikuwa nimesoma ufundi kwenye darasa la shule ya msingi, magoti yamegusa masikio kwa udogo wa dawati. Jioni moja mwalimu alichora ubaoni friji isiyo na mota. Chini moto mdogo, juu mifereji imepindapinda, ndani ya mifereji amonia na maji. Moto unachemsha, mvuke unapanda, unapoa nyuma ya friji, ukishuka unabeba joto la chakula chako unaenda kulitupa nje. Darasa zima lilicheka. "Mwalimu, ati moto ndio unaleta baridi?" Mwalimu akasema pengine hatutaikuta maishani lakini mtihani utaikuta. Niliipenda ile picha, sijui kwa nini. Niliichora hata kwa mvuke wa kioo cha dirisha. Mtihani ukauliza, nikajibu, nikapita, na mama yangu akatundika cheti changu sebuleni juu zaidi ya picha ya arusi yake.

Kwa hiyo nilijua, nikiwa Kitale, bila kuiona, kwamba friji ya Kabuchai haina haja ya kuongezwa chochote. Mafundi wetu wengi wanajua friji za mota, na friji ya mota ikikosa baridi neno la kwanza ni kuongeza gesi. Ile mifereji ingekatwa, amonia ingewatoa machozi hadi majirani wangedhani kuna msiba.

Tukaanza kwa simu. Nilimwambia baba mkwe awashe jiko linalotumia mtungi uleule. Jiko likawaka kwa nguvu. Basi gesi ipo. Nikamwambia alale kwa tumbo achungulie kile kitundu kidogo chini ya friji, aone moto.

"Ni wa buluu," akasema, sauti ikitoka sakafuni. "Buluu yenye ndevu za manjano."

Hizo ndevu sikuzipenda, lakini moto ulikuwepo. Nikaenda hatua nyingine: aweke sahani ya maji ndani ya friji, atazame maji yamelalia wapi. Friji ya namna hii haitaki kuinama. Ikiinama, kile kinachotakiwa kutiririka kinasimama njiani na kutulia.

"Yameenda yote kushoto, mkwe! Yanamwagika!"

Tairi la nyuma lilikuwa limezama kwenye matope. Baba mkwe aliita vijana wa jirani, wakaleta magogo na jeki ya trekta, na Jumanne gari likakaa sawa. Nilimwambia angoje, kwa sababu friji hii haina haraka. Akangoja kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, na Jumatano jioni akapiga.

"Ndani ni vuguvugu kama maji ya kuoga mtoto."

"Na zile nyavu za nje, za kupitisha hewa, ziko wazi?"

"Ziko wazi. Nimeangalia mwenyewe."

Nikaona simu imefika mwisho wa akili zake. Bosi alinipa ruhusa, nafikiri ili ofisi ipate utulivu. Alhamisi kabla ya saa sita nilikuwa Kabuchai, mfuko wa vyombo begani, mke wangu kando yangu, maana bila yeye ningekuwa bubu katika boma lile.

Kazi haikuwa imeanza na tayari tulikuwa na tatizo. Friji iko ndani ya gari. Gari ni jikoni ya mama mkwe. Jikoni ya mama mkwe siingii.

Baba mkwe akakuna kidevu. "Mama anaweza kutoka, wewe uingie."

Mke wangu akaenda kuuliza upande wa pili wa gari, ambako mama alikuwa anapepeta maharagwe. Akarudi. "Mama anasema hata akitoka, vyombo vyake viko ndani, na kanga zake. Ni kama yuko."

"Mwambie mama," nikasema kwa sauti ya kufika kule moja kwa moja, "siingii. Mashine hii nzuri mlango wake uko ndani, lakini mgongo wake uko nje. Mimi nitaongea na mgongo."

Mke wangu akaanza kuzunguka kupeleka ujumbe ambao tayari ulikuwa umefika. Nikasikia upande wa pili, "Mwambie afanye hivyo."

Nasema kwa fahari: katika elimu yote ya friji duniani, ni friji ya gari-nyumba tu inayoheshimu mila ya Wabukusu. Uwazi wake wa ufundi uko ukutani, nje. Moto uko pale, mifereji iko pale, unafanya kila kitu bila kuweka mguu jikoni kwa mama mkwe wa mtu.

Shida ilikuwa moja: ukuta huo ulikuwa upande wa mama, ule unaotazama ua wa michongoma, mahali pa maharagwe yake na mabanda ya kuku wake. Mimi nikienda kule, yeye lazima aje huku. Mke wangu akawa mwongoza magari.

"Mama anahama!" akaita. Tukasogea. Mama akazunguka kwa mbele ya gari na ungo wake, sisi tukazunguka kwa nyuma. Nikafika, nikagundua nimesahau bisibisi kwenye mfuko. "Anarudi!" Tukazunguka tena. Nikachukua bisibisi. "Anaenda!" Baba mkwe alikaa kwenye kiti katikati, akatutazama tukilizunguka lile gari kama mishale ya saa, akasema, "Watu wa kanisa wakipita hapa watadhani mnaomba."

Wavu wa juu ulikuwa wazi kweli, ndio aliokuwa ameuona mzee. Wa chini sikuuona. Mahali ulipopaswa kuwa palikuwa na gunia safi la mahindi limening'inizwa kwa misumari, vizuri, kama pazia la sebule. Nikainua gunia. Wavu haukuwepo. Ulikuwa umetolewa na kusimamishwa kando. Ndani, kwenye nafasi ile ya mgongo wa friji, palikuwa na nyasi kavu zilizopangwa kwa upendo mkubwa, na juu ya nyasi palikuwa na jicho moja jekundu linaloniangalia.

Kuku. Amelalia mayai. Akanidonoa kidole gumba nikaona nyota za mchana.

"Baba!" nikaita. "Friji yenu ina mpangaji!"

Mzee alikuja mbio, akainama, akanyanyuka polepole na uso wa mtu anayetaka kucheka mahali ambapo anaishi na mkewe. "Mimi sijui lolote," akasema. "Upande huu si wangu."

Mke wangu akazunguka kuuliza, akakaa sana, akarudi akiwa amefunika mdomo kwa leso.

"Mama anasema ndiyo. Anasema baridi ya mwaka huu iliua vifaranga wa kwanza wote. Akagundua hapo nyuma pana joto zuri, usiku na mchana, bila kuni. Akamweka kuku wake bora. Gunia ni la kumficha nguchiro."

Mnielewe, sikucheka. Ninazungumza na watu ambao wamewahi kulipiwa ada kwa pesa za kuku. Mtu anayeona joto linatupwa bure nyuma ya chombo na kuliwekea mayai, huyo ana akili ya uhandisi. Amekosea kitu kimoja tu: friji haipati baridi mpaka itupe lile joto. Akishalifungia kwa nyasi na gunia na kuku mzima mwenye manyoya, joto linakosa njia, linarudi ndani kwenye maziwa. Alikuwa amevalisha friji blanketi. Na zile ndevu za manjano kwenye moto zilikuwa vumbi la nyasi na manyoya yanayoungua kidogokidogo. Mungu ndiye alizuia tusile kuku wa kuchoma na gari pamoja.

Nikamweleza mke wangu yote haya kwa sauti ya mahubiri, nikijua mama yuko hatua chache upande wa pili.

"Kwa hivyo?" baba mkwe akauliza.

"Kwa hivyo kuku ahame. Sasa hivi."

Hapo boma likagawanyika. Kuku aliyelalia mayai hasogezwi ovyo. Anasogezwa usiku, na mwenyewe, kwa mkono anaoujua. Mgeni akimgusa mchana anaacha mayai na harudi. Nilikuwa mgeni, ilikuwa mchana, na jua lilikuwa linaenda. Friji ya namna hii inataka usiku mzima kujenga baridi. Tukingoja giza ndipo kuku ahame, kesho mchana chanjo itatoka Bungoma ije ikute vuguvugu. Tukimsogeza sasa, huenda mayai yakafa.

Nikasema, "Mwambieni mama uamuzi ni wake. Kuku ni wake, neno alilotoa kwa akina mama ni lake. Mimi nangoja nyuma ya ghala."

Nikaenda nyuma ya ghala kweli, nikageuka nikatazama mahindi. Nilisikia nyayo zake. Nilisikia akiongea na kuku kwa Kibukusu, pole pole, maneno ya kubembeleza ambayo sikuyaelewa yote na hayakuwa yangu kuyaelewa. Kisha kishindo kidogo cha mabawa, kisha kimya. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama aliinua kiota chote kwa ungo, nyasi, mayai na kuku juu yake, akamfunika kwa kikapu, akambeba ndani ya nyumba kubwa karibu na mafiga, akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

"Mama ameingia nyumbani!" mke wangu akaita. Nikatoka.

Halafu nikafanya kazi. Niruhusuni nijisifu hapa, nimengoja kutoka mwanzo. Nilifunga gesi, nikaacha ipoe. Nikatoa nyasi kiganja kwa kiganja. Nikasugua mapezi ya mifereji, vile vibati vyembamba vya kutupa joto, kwa mswaki hadi yakang'aa kama filimbi za askari. Nikafungua kile kijiko cha moto, mahali gesi inapowakia, nikakuta masizi na kipande cha unyoya. Tundu la gesi lenyewe ni dogo kama ncha ya sindano, na fundi mwenye haraka analichokonoa kwa waya, analipanua, moto unaharibika milele. Mimi sikutumia waya. Niliokota unyoya mwembamba pale chini, nikausafisha, nikapitisha shina lake laini mara moja, nikapuliza. Nikasafisha bomba la moshi toka juu, likatoa masizi ya kutosha kupaka rangi viatu vya shule nzima. Nikarudisha wavu mahali pake, nikapima gari tena kwa pima maji, kulia, kushoto, mbele. Nikawasha.

Moto ukasimama buluu. Safi. Bila kidevu, bila ndevu. Baba mkwe alilala kwa tumbo bila kuombwa akautazama kama mtu anayetazama televisheni.

"Sasa msifungue mlango wa friji," nikasema. "Mtu yeyote. Hata kwa kuonja."

"Hata mimi?" mzee akauliza.

"Wewe hasa, baba."

Alihangaika sana mzee wangu. Kila alipopita karibu na gari mkono ulinyooka wenyewe. Mke wangu aliweka kikombe cha maji kwenye friza kabla ya kufunga, na tukakubaliana kwamba kikombe hicho ndicho kitaamua. Kikiwa na barafu asubuhi, bodaboda aende mjini achukue chanjo. Kikiwa maji, mama atatembea nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzake kwamba neno lake halikushika. Hilo la pili hakuna aliyelisema kwa sauti. Jioni nikamsikia mama upande wa pili akipanga vyombo kwa makelele kuliko kawaida.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuta boma limeamka kabla ya majogoo. Mama aliingia ndani ya gari peke yake. Sisi tulisimama nje, upande wetu, kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Mlango wa friji ukafunguka. Halafu, "Tse!" ya mtu aliyeguswa na kitu asichokitegemea. Halafu kikombe kikatokeza dirishani kikiwa kimepinduliwa, mdomo chini, na hakuna tone lililoanguka.

Baba mkwe alirusha kofia. Nilisimama tu, mikono nyuma, kama gavana wa zamani anayepigwa picha. Bodaboda alikanyaga baiskeli yake kwenda Bungoma kana kwamba anakimbizwa na simba, akarudi mchana na vichupa kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, na vikalala salama kwa mama.

Jumamosi akina mama walijaa upande ule wa ua. Kuku walikuja vichwa chini, ndani ya vikapu, ndani ya magunia yenye matundu, wengine wamefungwa mgongoni kama watoto. Nilikaa kwenye kiti upande wangu, nimegeuzia gari mgongo, kwa heshima. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mmoja akisema, "Hebu niguse kichupa. Ai, mama! Si hii imetoka kwa mlima?" Nikasikia mama mkwe akijibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya kumjibu yule tu, "Fliji yangu ilikuwa na fundi." Tone moja jichoni kwa kila kuku, kelele, vumbi, kicheko.

Niwaambie mapema ili msibaki na wasiwasi: kideri kilivuka mto majuma yaliyofuata. Kilipita mabomani ambako hawakuchanja na kuacha ukimya mbaya asubuhi. Kwa akina mama wa chama kile kilipita kama mgeni aliyekosa njia, na yule kuku wa mafiga hakuyaacha mayai yake.

Lakini siku ile ya chanjo mke wangu alichoka. Mama alikuwa amemtuma aniambie kwamba kichupa cha kwanza kilikuwa baridi. Nikamtuma amwambie mama nashukuru. Mama akamtuma aniulize kama nimekula. Nikamtuma aseme nimekula. Alipofika mara ya nne akasimama katikati, akaweka mikono kiunoni.

"Mimi si simu," akasema. "Mmesikiana. Wote wawili mna masikio." Akaenda kushika kuku.

Tukabaki, gari kati yetu, hakuna wa kubeba maneno. Jogoo mkubwa aliyetoka kuchanjwa alikuwa amesimama huko kwake akitikisa kichwa, nikasikia sauti ya mama ikimwambia yeye:

"Wewe jogoo, ukiishi mpaka Krismasi, ujue kuna mtu wa Kitale alidonolewa kidole kwa ajili yako."

Upande wangu alipita tetea mmoja, jicho moja bado limelowa dawa. Nikainama kwake.

"Na wewe," nikamwambia, "mwambie mwenye boma, hii baridi ni yake. Mimi nilifungulia hewa kidogo tu, ikapita."

Nyuma ya gari nikasikia kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu nioe, kicheko kipana, cha kutoka tumboni, mpaka akina mama wengine wakauliza kuna nini.

"Ati kidogo," mama mkwe akamwambia jogoo wake. "Huyu tangu lini alifanya kitu kidogo?"